Sinia la Jirani Katika Siku ya Diwali

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake vilivyo vizuri na akawaharimishia vilivyo viovu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, liko suala ambalo watu wa pwani waliokwenda kukaa bara huulizana mwaka hata mwaka, khasa katika miji ya pamba ya Usukuma, nalo ni hili: jirani Mhindu atumapo sinia la vitu vitamu siku ya sikukuu yake, je, Muislamu alipokee au alirudishe? Wengi hulidhani ni suala dogo, la tumbo na ulimi tu. Wala si dogo. Ndani yake imo tauhidi, na imo haki ya jirani, na imo haki nyingine ya tatu ambayo watu hawaitaji kwa kuwa yawauma, nayo itakuja mahali pake.

Mahali pa kulitazama vizuri suala hili ni Bariadi. Mji huo zamani ulikuwa katika mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 ndio makao makuu ya mkoa wa Simiyu, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Nchi ni ya Wasukuma, Waislamu humo ni wachache, na mali yake kubwa ni pamba. Pamba ndiyo iliyowaleta Wahindi. Walianza kwa maduka madogo, wakanunua mazao, wakajenga vinu vya kuchambulia pamba, na reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 biashara yao ikapanuka Usukuma kote. Katika miaka ya 1950 wakulima walisimamisha vyama vyao vya ushirika, vikaungana mwaka 1955, navyo vikaingia katika kazi ya vinu. Kisha Azimio la Arusha la mwaka 1967 na sheria ya mwaka 1971 ya kutwaliwa majumba zikawafanya Wahindi wengi wafunge milango yao wakaenda zao. Mwaka 1994 ruhusa ya kununua pamba ilirudi kwa watu binafsi, na wafanya biashara wa asili ya Kihindi wakaonekana tena katika vinu na maduka ya jumla ya nchi za pamba. Na mtu wa pwani naye yuko huko: mwenye duka, fundi wa cherehani, mwalimu wa chuo, dereva wa gari. Wote wawili ni wageni wa Wasukuma, na mgeni humjua mgeni mwenziwe.

Basi na uwekwe mfano, na mtu wake aitwe Zaidi, kama ilivyo desturi ya vitabu vya fikihi na nahau. Zaidi ni mtu wa pwani mwenye duka Bariadi. Jirani yake ni Mhindu mwenye duka la jumla, naye humkopesha Zaidi sukari, sabuni na vitambaa, kwa ahadi kwamba wakulima wakiisha kuuza pamba, naye Zaidi ataleta fedha. Pamba ikauzwa, fedha za wakulima zikapita dukani mwa Zaidi, na deni likabaki palepale. Ikaingia Diwali. Jioni mtoto wa jirani akaja na sinia lililofunikwa kitambaa, ndani yake mna ladu, barfi na jalebi. Zaidi akafunua, akasema, "Hivi ni vya masanamu," akamrudishia mtoto sinia kama lilivyokuja. Usiku ule akayasimulia hayo msikitini baada ya sala ya isha, na watu wakamsifu kwa dini yake. Je, amestahiki sifa ile?

Wenye ilimu ya mantiki husema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa hutoa hukumu ya sinia ambalo hawajui lina nini wala limetoka wapi. Vitu vile hupikwa kwa samli, maziwa, sukari, unga wa dengu, lozi na hiliki. Ladu ni unga wa dengu uliokaangwa kwa samli, ukatiwa sukari, ukafinyangwa kama tonge. Barfi ni maziwa yaliyochemshwa moto wa pole hata yakakauka, yakatiwa sukari na kukatwa vipande. Jalebi ni uji wa unga uliochachuliwa, ukamiminwa kwa mzunguko katika samli ya moto, kisha ukatoswa katika sukari iliyoyeyushwa. Na ajabu ni kwamba majina yenyewe yamekwisha safari kabla ya sinia. Jalebi ni ile zulabiya ya Waarabu, iliyopikwa Baghdadi zama za Makhalifa wa Bani Abbas, kisha ikavuka kwenda India. Barfi ni neno la Kiajemi, maana yake theluji. Na halua haina haja ya kufasiriwa kwa mtu wa pwani. Katika vitatu alivyoletewa Zaidi, viwili majina yake yamepitia midomo ya Waislamu kabla ya kufika katika jiko la Mhindu.

Kila sikukuu yao ina kitamu chake. Katikati ya Januari, jua linapogeukia kaskazini kwa hisabu yao, hula ufuta uliogandishwa kwa sukari guru. Siku ya Holi watu wa Gujarati hula tende na bisi. Kuzaliwa kwa Krishna huadhimishwa kwa siagi na maziwa. Diwali ndiyo iliyokusanya vyote, na siku ya pili yake, katika mahekalu yao, hupanga mbele ya sanamu milima ya vyakula, wakaiita Annakut, yaani mlima wa chakula. Kilichowekwa mbele ya sanamu kikisha kurudi hugawiwa watu kwa jina la prasadi, nacho kwao si chakula tu, bali ni neema itokayo kwa huyo wanayemwabudu. Neno hili la prasadi lishikwe vizuri, maana hukumu nzima yazunguka juu yake.

Lakini si kila kitamu cha Diwali ni prasadi. Wana desturi ya pili, kwamba kila jambo jema lianzwe kwa kinywa kitamu: duka likifunguliwa, mtoto akizaliwa, mtu akifaulu, hutiwa kipande cha kitamu kinywani. Na wana desturi ya tatu, nayo ndiyo yenye mazingatio zaidi. Sharia yao ya matabaka iliwakataza zamani kula chakula kilichopikwa na mtu wa tabaka la chini, khasa kilichopikwa kwa maji, kama wali na mkate. Ila kilichopikwa kwa samli walikihesabu kuwa kina nguvu ya kujilinda na unajisi, na kwa hiyo kikaweza kupita kutoka nyumba hata nyumba ambazo hazili pamoja. Ndiyo sababu zawadi zao ni vitu vya samli na maziwa. Ni chakula kilichochaguliwa makusudi ili kivuke ukuta. Mtu aliyezaliwa nyuma ya kuta nyingi namna hiyo, akituma sinia kwa jirani asiyekuwa wa dini yake, ametumia mlango mmoja alionao.

Na Diwali ina jambo jingine limgusalo mfanya biashara kuliko halua yote. Kwa watu wa Gujarati, nao ndio wengi katika Wahindu wa Afrika ya Mashariki, usiku ule ndio mwisho wa mwaka. Daftari la zamani hufungwa, daftari jipya hufunguliwa na kufanyiwa ibada kwa jina la Lakshmi, wanayemwitakidi kuwa ni mwenye mali. Miezi yao ni ya mwandamo, lakini kila baada ya miaka miwili na kitu huongeza mwezi mmoja ili isiliache jua, jambo ambalo Kurani imewakataza Waislamu. Kwa hiyo Idi huzunguka mwaka mzima, na Diwali haitoki katika Oktoba na Novemba. Na katika nchi ya Simiyu, ambako pamba hufunguliwa kununuliwa aghalabu mwezi wa Mei, siku hizo huja wakati mkulima amekwisha uza na fedha zimekwisha zunguka. Basi sinia la vitamu na hisabu ya madeni hutoka nyumba moja, usiku mmoja.

Khabari hizi si ngeni kwa wanavyuoni wa Kiislamu. Abu Raihani al-Biruni, aliyeandika kitabu chake juu ya India karibu na mwaka 1030, ameitaja sikukuu hii, akaeleza kwamba watu huoga, huvaa vizuri, hupeana tambuu na popoo, hutoa sadaka, na usiku huwasha taa nyingi, akaleta na kisa wanachokiitakidi juu yake. Hakuwatukana wala hakuwafuata. Alieleza kilichopo, na itikadi yake ikabaki mahali pake. Mtu wa pwani aketiye bara angefaidika kwa mwendo huo.

Sasa na ije hukumu yenyewe. Wasiwasi wa kwanza wa watu ni tohara. Husemwa kwamba Wahindu hutukuza ng'ombe, na wako miongoni mwao wanaotumia mkojo wake na mavi yake katika kujitakasa kwao, na vitu hivyo katika madhehebu ya Imamu Shafi ni najisi bila ya shaka. Basi chakula chao chatiwa mashaka. Wasiwasi huu umekwisha jibiwa tangu zamani. Imamu Nawawi katika Majmuu, akisherehesha Muhadhabu ya Shirazi, ameijadili masala ya vyombo vya washirikina wanaohesabu kutumia najisi kuwa ni ibada, na mfano ukatolewa wa kundi la Majusi waogao kwa mikojo ya ng'ombe. Zikatajwa kauli mbili, na iliyo sahihi ni kwamba vyombo vyao huchukuliwa kwa asili yake, nayo ni tohara, maadamu najisi haikuonekana. Suyuti naye ameiweka katika misingi mitano ya fikihi kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Na Bukhari amepokea kwa Imrani bin Huseini kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) na masahaba zake walitumia safarini maji ya viriba vya mwanamke mshirikina. Mwenye kuogopa samli ya jirani kwa dhana tu ametia katika dini uzito ambao dini haikuutia.

Wasiwasi wa pili ndio wa haki, nao ni ule wa masanamu. Kurani katika Al-Baqara aya ya 173 na Al-Maida aya ya 3 imeharimisha kilichotajiwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, na wafasiri wengi wamelieleza hilo katika kuchinja. Ladu haichinjwi. Kwa hiyo wako wasemao kwamba kitamu kilichowekwa mbele ya sanamu hakiingii katika tamko la aya, na wako waliolipanua tamko wakakiingiza. Lakini hata kwa kauli iliyo nyepesi, kupokea prasadi kama inavyopokewa na wenyewe, kwa kuitaka neema yake, ni kuivunja tauhidi. Na mwenye kuijua kuwa ni prasadi akaiacha amesalimika kwa kauli zote. Hapo hapana ubishi.

Ubishi ni juu ya sinia ambalo halikufika mbele ya sanamu. Na vitu vingi vipelekwavyo kwa majirani, kwa wateja na kwa wafanyakazi hununuliwa kwa mpishi wa mithai au hupikwa nyumbani kwa ajili ya kugawiwa. Ziko nyumba, khasa za wafuasi wa Krishna, ambazo hazili kitu kabla hakijawekwa mbele ya sanamu yao, na kwa ajili ya hizo yafaa kuuliza. Kuuliza si matusi. Mhindu hulijua jambo la kuulizia chakula kuliko mtu yeyote, maana yeye mwenyewe huuliza kama mna nyama, huuliza kama mna yai, na wengine huuliza hata vitunguu. Zaidi hakuuliza. Alitoa khabari ya kitu asichokuwa na ilimu nacho, na katika sura ya Bani Israili aya ya 36 mja amekatazwa kufuata asilolijua, kwani masikio na macho na moyo vitaulizwa. Tena aliyatamka hayo mbele ya mtoto, naye Mwenyezi Mungu amekataza katika Al-Anaam aya ya 108 kuyatukana wanayoyaomba wasiokuwa Waislamu. Neno la Zaidi pengine halikufika kuwa tusi; lakini mtoto amelichukua mpaka nyumbani kwao, na nani ajuaye limefika vipi.

Hubaki siku yenyewe. Je, zawadi iliyo halali huharimika kwa kuwa imeletwa siku ya sikukuu ya wengine? Hapa ziko khabari za wazee waliotangulia, na ajabu ni kwamba nyingine zataja vitamu hasa. Abu Barza al-Aslami, sahaba wa Mtume, alikuwa na majirani wa Kimajusi waliokuwa wakimletea zawadi siku ya Nairuzi na siku ya Mahrajani. Akawaambia watu wa nyumbani kwake wale matunda, na kisichokuwa matunda wakirudishe. Bibi Aisha aliulizwa juu ya zawadi za Majusi katika sikukuu yao, akakataza kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo, akaruhusu kilichotoka mitini. Sayidna Ali aliletewa siku ya Nairuzi faludhaji, nayo ni halua ya unga, samli na asali. Akauliza ni ya nini, alipoambiwa akasema kwa mzaha maneno yenye maana ya kwamba na wamfanyie Nairuzi kila siku. Faluda ya pwani imerithi jina lake hapo. Na kwa kuwa Nairuzi imetajwa, yafaa mtu wa pwani akumbuke kwamba yeye naye ana Nairuzi yake, aliyoirithi kwa Waajemi, na mpaka leo Makunduchi hukusanya watu kila mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Ni vyepesi kuiona taa ya jirani na kuusahau moshi wa nyumbani.

Kwa upande wa pili, Ibn Hajar al-Haitami, naye ni nguzo katika madhehebu ya Shafi, amenakili katika Fatawa zake, kwa kuridhia, maneno makali ya mmoja wa maimamu: kwamba ni katika bidaa mbovu Waislamu kuwafuata Manasara katika sikukuu zao, kwa kujishabihisha nao katika vyakula vyao, na kuwapa zawadi na kupokea zawadi zao siku hiyo. Maneno haya hayafai kupindwa yakasema yasiyosema. Yametaja kupokea. Mwenye kuyashika ana imamu nyuma yake, wala hapana wa kumlaumu. Illa na ajue kwamba makusudio yake ni kuilinda dini isichanganyike, wala si kumvunjia jirani heshima. Na kukataa kwake, kama atakataa, kuwe kwa adabu, kwa maneno ya shukrani, na kwa kusema sababu ya kweli.

Na iko khabari moja katika Musnadi ya Imamu Ahmad ambayo haifai kuachwa. Kutaila, mama yake Bibi Asmaa binti Abu Bakari, alikuwa mshirikina. Alikuja Madina kumtazama bintiye, amechukua zawadi, na samli ikiwamo. Asmaa akakataa kupokea zawadi, akakataa hata kumwingiza nyumbani. Akaulizwa Mtume, na ikateremka aya ya 8 ya Al-Mumtahina, isiyowakataza waumini kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao. Asmaa akaamrishwa apokee zawadi ya mamaye na amkaribishe ndani. Asmaa aliikataa samli ile kwa ikhlasi, kwa kuipenda dini yake, na ikhlasi yake haikutosha kuifanya hukumu yake iwe sahihi.

Lakini hata yakiisha yote haya, Zaidi bado hajaguswa panapomstahiki. Na apewe kauli kali kabisa. Na ihesabiwe kwamba sinia lile lilikuwa ni haramu bila ya khitilafu, na kwamba alilirudisha kwa adabu njema. Deni je?

Mtume amesema katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni udhalimu. Hakumbagua mdai Muislamu na mdai asiyekuwa Muislamu. Yeye mwenyewe alifariki deraya yake ya chuma ikiwa rehani kwa Myahudi, kwa ajili ya shayiri, na hakusema kwamba Myahudi hana haki ya rehani. Na Abu Daudi amepokea kwamba mwenye kumdhulumu asiyekuwa Muislamu aliye katika ahadi, au akatwaa kitu chake bila ya ridhaa yake, Mtume mwenyewe atakuwa ndiye mdai wake Siku ya Kiyama. Katika kula jalebi wanavyuoni wamekhitilafiana. Katika kuzuia deni na fedha ziko mfukoni hawakukhitilafiana hata mmoja.

Basi Zaidi amechagua katika dini yake lililo jepesi. Kurudisha sinia hakukumgharimu kitu, na msikitini amepata sifa. Kulipa deni kungemgharimu fedha za msimu mzima, na hapana mtu angemsifu, kwa kuwa kulipa deni hakusimuliwi baada ya isha. Na iko methali iliyozoewa pwani, Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Watu huicheka wala hawaitazami. Hiyo ni khabari ya mtu atukanaye kwa kinywa na kutwaa kwa mkono. Zaidi amekataa vitamu vya jirani kwa kuwa ni Mhindu, na sukari ya jirani iliyo katika duka lake, ambayo hajailipia, hakuiuliza dini yake. Wazee wa pwani walikuwa na mwendo mwingine: katika karne ya 19 forodha ya Unguja, chini ya masultani wa Kiislamu, ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Banyani wa Kachi, na mapatano yao yalikuwa ni mapatano.

Tena lizingatiwe jambo hili. Jioni ile ile, jirani alikuwa akilifunga daftari lake la mwaka. Majina ya waliolipa yalifutwa, na majina ya wasiolipa yakachukuliwa kutoka karatasi ya zamani kwenda karatasi mpya, na la Zaidi likiwamo. Mkono uliohamisha jina lile ndio uliofunika sinia kwa kitambaa ukampa mtoto alipeleke. Hakuwatumia waliolipa peke yao. Pengine ni desturi tu, pengine ni hila ya biashara ya kumkumbusha mdaiwa kwa njia tamu. Ya moyoni ayajua Mwenyezi Mungu. Ila kwa sharia ya nje, mdaiwa aliyepita ahadi yake amepelekewa zawadi badala ya tarishi, naye akaijibu kwa neno baya.

Yuko na mwingine, naye na aitwe Amri, ili vitabu visilalamike. Amri ni mtu wa pwani pia, naye hakatai kitu. Siku ya Diwali hula prasadi akijua kuwa ni prasadi, huingia katika ibada ya daftari, hupakwa rangi katika paji la uso, akitoka husema kwamba dini zote ni moja na njia ni nyingi. Amri hulipa deni lake siku yake, na kwa hilo ni bora kuliko Zaidi mara nyingi. Lakini amemdanganya jirani yake. Mhindu amwonaye Muislamu akiinama mbele ya Lakshmi hujua moyoni ya kwamba mtu huyu ama haiamini dini yake, ama anataka mali kwa bei nafuu, na katika mawili hayo hamna lililo heshima. Wala hapana haja ya kurefusha juu yake. Mambo ya Amri yamo katika kila kitabu cha tauhidi kisomwacho na watoto.

Aliye kati ya wawili hao ana kazi kidogo tu. Sinia likija, hushukuru. Huuliza kama limepita hekaluni. Likiwa limepita, husema kwa upole kwamba dini yake yamzuia kula kilichotolewa ibada, na jirani ambaye naye hali nyama kwa ajili ya dini hatashindwa kulifahamu neno hilo. Likiwa halikupita, basi ana hiari: akifuata kauli ya ruhusa hula yeye na watoto wake, Mtume mwenyewe alipenda kitamu na asali, na akifuata kauli ya Ibn Hajar huacha. Asilichukue kwa tabasamu kisha akalimwaga jaani nyuma ya nyumba, kama wafanyavyo wengine wakadhani wameokoa pande zote mbili. Huko ni kupoteza neema ya Mwenyezi Mungu, na ni uwongo, wakati mmoja.

Na sinia halirudi tupu; hili mtu wa pwani hafundishwi. Tabu ni ya kujua cha kutia. Abdallah bin Amri, sahaba wa Mtume, kila alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake alikuwa akiuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Lakini Myahudi hula nyama. Kumpelekea Mhindu asiyekula nyama pilau ya mbuzi siku ya Idi ni kumpa taklifu ya kuificha. Wako wasiokula mayai, na Majaini hawali hata viazi na vitunguu kwa kuwa hung'olewa chini ya ardhi. Halua ya pwani yafaa, maana ni wanga, sukari, samli na hiliki. Na kama wazee wa nyumba ile wangali wakishika sharia ya tabaka, wasile kilichopikwa na mkono mwingine, basi hupelekewa kisichopikwa: nazi, ndizi, tende, sukari. Na wao wakikirudisha kilichopikwa, Muislamu asikasirike, kwa kuwa ndilo lile lile alilolitaka yeye liheshimiwe.

Ama Zaidi, hana sinia la kujaza, amekwisha lirudisha. Alicho nacho ni deni. Kutoka dukani kwake mpaka duka la jirani ni hatua chache, na msimu wa pamba umempa fedha. Akienda asubuhi, akalipa, akaomba radhi kwa neno alilomwambia mtoto, jirani atalifungua daftari jipya mbele yake na kulifuta jina; na kama juu ya meza limebaki sinia, ataulizwa kama atakula, naye atauliza limetoka wapi. Wallahu aalam.